UZI: SV Alsenborn, timu ya kijiji iliyobisha hodi Bundesliga mara tatu, na jinsi klabu ndogo za Ujerumani zinavyoendeshwa

#1 KonaKick

Wakuu, hapa jukwaani tukitaja soka la Ujerumani tunaishia Bayern na Dortmund. Uzi huu ni wa ngazi za chini, kule ambako mwenyekiti ndiye anayechoma soseji na mhazini ndiye anayepaka chokaa uwanjani. Nataka tuichambue klabu moja hadi mfupa: SV Alsenborn.

Alsenborn ni kijiji cha Pfalz, eneo la kusini magharibi mwa Ujerumani, kilomita chache kaskazini mashariki mwa Kaiserslautern. Mwaka 1969 kiliunganishwa na jirani yake na sasa kinaitwa Enkenbach-Alsenborn. Klabu ilianzishwa 1919, na kwa zaidi ya miaka 40 haikuwa na habari yoyote: ligi za wilaya, mechi za majirani, basi.

Mambo yakabadilika mwanzoni mwa miaka ya 60. Fritz Walter, nahodha wa kikosi cha Ujerumani Magharibi kilichotwaa Kombe la Dunia 1954, alijenga nyumba kijijini hapo. Mwenyekiti wa klabu, Hannes Ruth, alikuwa mkandarasi wa ujenzi. Kocha akaletwa Otto Render, mchezaji wa zamani wa Kaiserslautern. Basi hapo kuna mtu mwenye jina, mtu mwenye fedha na vifaa, na mtu anayejua kufundisha. Wachezaji waliokuwa wanamaliza muda wao Kaiserslautern, au waliokosa namba kule, wakawa wanapewa njia ya kwenda Alsenborn kwa neno la Fritz Walter.

Timu ikapanda daraja baada ya daraja. Mwaka 1965 ikaingia Regionalliga Südwest. Msisahau kwamba kabla ya 1974 Regionalliga ilikuwa ngazi ya pili, moja kwa moja chini ya Bundesliga, imegawanywa kanda tano: Nord (kaskazini), West (magharibi), Südwest (kusini magharibi), Süd (kusini) na Berlin. Alsenborn ikaibeba kanda ya Südwest mara tatu mfululizo: 1968, 1969 na 1970. Humo kulikuwa na Saarbrücken, Neunkirchen, Mainz 05, Pirmasens, Worms, klabu za miji yenye viwanja vya maana.

Ila bingwa wa kanda hakupanda moja kwa moja. Kila kanda ilipeleka timu mbili, jumla kumi, zikagawanywa makundi mawili ya timu tano, nyumbani na ugenini, mechi nane kwa kila timu. Kinara wa kundi tu ndiye aliyepanda. Mwaka 1968 Alsenborn ilikuwa na Hertha BSC, Rot-Weiss Essen, Bayern Hof na Göttingen 05, akapanda Hertha. Mwaka 1969 ilikuwa na Rot-Weiß Oberhausen, Freiburger FC, VfB Lübeck na Hertha Zehlendorf, akapanda Oberhausen. Mwaka 1970 ikashindikana tena.

Kilichowaumiza zaidi ni ufinyu wa kikosi. Msimu wa ligi ukiisha, mechi hizo nane zinakuja zikifuatana kwa wiki chache, dhidi ya timu zenye wachezaji 18 hadi 20 wa kiwango kimoja. Halafu ukifanya vizuri, wakubwa wanakuja kuchukua. Mshambuliaji wao Lorenz Horr alinunuliwa na Hertha BSC mwaka 1969, baada ya kuwafunga mno mabeki wa Südwest. Klabu ya kijiji ikiuza mfungaji wake inapata fedha ya mwaka mzima, lakini mfungaji mwingine wa aina ile hapatikani kijiji cha pili.

#2 Mwanakwerekwe1

Mkuu KonaKick uzi mtamu. Sasa ilikuwaje wakapotea kabisa? Maana timu bingwa mara tatu haiwezi kufutika hivi hivi.

#3 KonaKick

Ilikatwa mezani, ndugu yangu. Sikiliza.

Mwaka 1974 shirikisho la soka la Ujerumani, DFB, lilizivunja Regionalliga zote tano na kuunda ngazi mpya ya pili ya kulipwa, 2. Bundesliga, yenye makundi mawili, Nord na Süd, timu 20 kila kundi. Kundi la Süd liligawiwa hivi: nafasi 13 kwa kanda ya Süd na 7 kwa Südwest. Nani aingie? Wakatengeneza hesabu ya nafasi za misimu mitano, msimu wa karibuni ukiwa na uzito kuliko wa nyuma. Kwa hesabu hiyo Alsenborn ilikuwa ndani.

Lakini kushinda uwanjani ilikuwa nusu ya safari, nusu nyingine ni leseni. DFB ikasema hali ya kiuchumi ya klabu hiyo haitoi uhakika, ikaikatalia. Nafasi ikaenda 1. FC Saarbrücken. Alsenborn ikapigania haki yake kwa njia ya sheria, ikashindwa. Saba walioingia kutoka Südwest wakawa Neunkirchen, Saarbrücken, Homburg, Röchling Völklingen, Mainz 05, Worms na Pirmasens.

Angalieni hiyo orodha kisha muitazame Mainz ya leo. Nafasi moja ya 1974 ni mlango wa miaka 50.

Alsenborn ikarudishwa ligi ya ridhaa ya Südwest. Wachezaji wenye uwezo wakaondoka kiangazi kile kile, kwa sababu hakuna mchezaji wa ngazi ya pili anayekubali kubaki ngazi ya tatu bila malipo. Baada ya hapo ni kuteremka tu hadi ligi za wilaya. Uwanja wao, Kinderlehre, upo. Fritz Walter aliishi kijijini hapo hadi kifo chake Juni 2002.

#4 Bint_Mosel

KonaKick umeeleza vizuri lakini umeanzia katikati. Mtu akitaka kuielewa klabu yoyote ya mji mdogo wa Ujerumani lazima aanze na mazoezi ya viungo, mpira ulikuja baadaye.

Karne ya 19 kila mji ulikuwa na chama cha mazoezi ya viungo. Ndiyo maana mnakuta klabu inajiita 1846 au 1860 wakati soka lenyewe lilikuwa halijafika Ujerumani. Tarehe ile ni ya wale wa viungo. Mpira uliingia miaka ya 1880 na 1890 kama kitengo cha vijana ndani ya vyama hivyo, na wazee wa viungo waliuona kama mchezo wa kihuni kutoka Uingereza. DFB yenyewe ilianzishwa Leipzig tarehe 28 Januari 1900, ikiwa na klabu 86.

Mgongano ukafika kilele miaka ya 1923 na 1924. Shirikisho la viungo liliamuru utengano: mwanachama achague viungo au mpira. Vyama vikapasuliwa vipande viwili nchi nzima. Ndiyo sababu hadi leo unakuta kijiji cha watu 2,000 kina klabu mbili, moja ya viungo na mpira wa mikono, nyingine ya soka, kila moja na ukumbi wake na mhazini wake, na wazee wasiosalimiana.

Kisha 1933. Klabu za wafanyakazi zilipigwa marufuku na mali zao zikachukuliwa, na Wayahudi wakafukuzwa uanachama, mara nyingi klabu zenyewe zikijitangulia kabla hazijaamriwa. Baada ya vita, Desemba 1945, mataifa yaliyoshinda yalitoa agizo la kuvunja vyama vyote vya michezo vilivyokuwepo. Kuanza upya kulihitaji kibali. Pfalz ilikuwa chini ya Wafaransa, nao walikuwa wagumu wa vibali. Vyama vingi vilivyopasuka 1924 vikarudi pamoja hapo, kwa sababu kibali kimoja kilikuwa rahisi kukipata kuliko viwili. TSG Hoffenheim ni mfano: chama cha viungo cha 1899 na klabu ya mpira ya kijiji hicho viliungana 1945.

Kwa hiyo ukisoma kitabu cha jubilei cha klabu, kile wanachochapisha wakitimiza miaka 50 au 100, angalia kurasa za 1933 hadi 1945. Ukikuta mistari mitatu inayosema "miaka ya vita ilikuwa migumu", jua hapo kuna kitu kimerukwa. Nenda kwenye magazeti ya mji ya wakati ule, yapo hifadhi ya nyaraka ya manispaa.

Na wanawake wasisahauliwe. DFB ilipiga marufuku soka la wanawake ndani ya klabu zake Julai 1955, ikaondoa marufuku Oktoba 1970. Klabu yoyote inayodai timu yake ya wanawake ilicheza ligi ya DFB mwaka 1965, ombeni ushahidi.

#5 Mhazini_Mstaafu

Naongezea upande wa makaratasi, maana klabu za ngazi hii hujengeka hapo na huangukia hapo hapo.

Klabu ya kijiji kisheria ni chama kilichosajiliwa, zile herufi e.V. mnazoziona mwishoni mwa jina. Sheria yake ni ile ile ya madai iliyoanza kutumika 1 Januari 1900. Utaratibu uko hivi. Wanakutana watu, wasipungue saba, wanapitisha katiba na kuitia saini wote saba. Wanachagua uongozi. Muhtasari wa kikao unaandikwa na kutiwa saini kama katiba yenyewe inavyoelekeza. Viongozi wanakwenda kwa mthibitishaji, yaani mwanasheria wa kuthibitisha nyaraka, saini zao zinathibitishwa, maombi yanapelekwa mahakama ya wilaya inayotunza daftari la vyama. Kuna ada ya mahakama, mbali na ya mthibitishaji. Siku jina linapoandikwa daftarini ndiyo siku klabu inakuwa mtu kisheria, inaweza kukodi uwanja, kushtaki na kushtakiwa.

Saba ni wa kuanzia. Baadaye wakishuka chini ya watatu, mahakama inaifuta.

Hatua ya pili, ambayo wengi huikosea, ni ofisi ya kodi. Katiba lazima iseme wazi kwamba klabu ni ya manufaa ya umma, na lazima iseme mali itakwenda wapi klabu ikivunjwa. Ukisahau kifungu hicho cha mali, ofisi ya kodi inakataa, na unalazimika kuitisha mkutano mkuu upya kubadili katiba kwa robo tatu ya kura, kisha mthibitishaji tena, mahakama tena. Busara ni kuipeleka rasimu ofisi ya kodi kabla ya kikao cha kuanzisha. Hawatozi kitu kuisoma.

Kwa nini hadhi hiyo inatafutwa hivyo? Kwanza, mfadhili akitoa mchango anapewa risiti anayopunguziwa kodi. Pili, mapato ya bia, soseji na mabango hayatozwi kodi ya mapato mpaka yavuke kikomo fulani kwa mwaka. Kilikuwa euro 35,000, kikapandishwa hadi 45,000 kwa sheria ya mwisho wa 2020. Tatu, kocha wa watoto anaweza kulipwa posho isiyokatwa kodi, nayo ilipanda kutoka 2,400 hadi 3,000 kwa mwaka kuanzia 2021. Viwango hivi hupandishwa kila baada ya miaka kadhaa, kwa hiyo mtu aangalie cha mwaka husika.

Sasa panapoharibika. Kikomo kile kinahesabiwa kwa mapato ghafi, yaani kabla ya kutoa gharama, tena pamoja na VAT. Klabu inaandaa sherehe ya miaka 100, inauza bia ya euro 30,000 kwa siku tatu, ukijumlisha na mabango ya mwaka mzima imevuka, na mhazini alikuwa anaangalia faida tu. Na ukivuka, faida yote ya shughuli hizo inaingia kwenye kodi, siyo kile kilichozidi peke yake.

Kosa jingine ni kulipa wachezaji kwa bahasha. Mfadhili anampa mshambuliaji euro 300 taslimu baada ya mechi kwenye chumba cha kubadilishia nguo, haiandikwi popote. Siku wakaguzi wanaingia, klabu inadaiwa kodi ya mshahara na michango ya hifadhi ya jamii ya miaka ya nyuma, na hadhi ya manufaa ya umma iko hatarini. Kuna klabu za ngazi ya tano na ya sita zimejifuta kwa sababu hii peke yake.

#6 Mwanakwerekwe1

Mzee wangu Mhazini shikamoo, somo limeingia. Swali: hii 50+1 wanayoisifia inazihusu hizi klabu za vijijini? Nauliza kwa sababu huku kwetu nako wanachama wanatakiwa kubaki na 51% ya hisa za klabu, na kelele haziishi.

#7 Mhazini_Mstaafu

Marahaba. Haizihusu mpaka zifike juu. Kanuni ile ilipitishwa Oktoba 1998, na inahusu klabu inayotaka kuitenga timu yake ya kulipwa kuwa kampuni: chama mama kibaki na nusu ya kura na kura moja zaidi. Chama cha kijiji hakina kampuni wala hisa, kila mwanachama ana kura moja.

Hiyo haimaanishi mfadhili hana nguvu. Anayelipia taa za uwanja, basi na jezi hahitaji kura. Akisema "kocha huyu simtaki", mkutano unaitishwa wiki ile ile.

Tazameni Hoffenheim. Kijiji cha watu kama 3,300, sehemu ya mji wa Sinsheim. Dietmar Hopp, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya programu SAP, alichezea timu za vijana hapo. Mwaka 1990 klabu ilikuwa ligi ya wilaya. Ikapanda Oberliga 2000 (wakati ule ngazi ya nne), Regionalliga 2001 (wakati ule ya tatu), 2. Bundesliga 2007, Bundesliga 2008, na Desemba 2008 walikuwa wanaongoza ligi. Mwaka 2015 Hopp akaruhusiwa kuchukua wingi wa kura kwa msamaha wa waliofadhili klabu miaka 20 mfululizo, na 2023 akaurudisha kwa chama.

Tofauti ya Hoffenheim na Alsenborn kwa maoni yangu siyo vipaji. Hopp alijenga kwanza uwanja wa watu 6,350 mwaka 1999, timu ikiwa bado ngazi za chini, akaweka na vituo vya vijana. Ilipofika siku ya leseni karatasi zilikuwa zimeshapangwa.

#8 Bint_Mosel

Hapo sikubaliani sana, mzee. Alsenborn 1974 haikuwa na mtu wa kuweka dhamana ya kiwango cha Hopp, hata wangejenga nini.

Mfano wa katikati ni TSV Vestenbergsgreuth, Franken, Bavaria. Klabu ilianzishwa 1974, mwaka ule ule Alsenborn inakatwa. Kijiji kidogo, lakini kina kampuni kubwa ya majani ya chai na mimea ya dawa, Martin Bauer. Helmut Hack, meneja wa kampuni hiyo, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa klabu.

Tarehe 14 Agosti 1994, raundi ya kwanza ya Kombe la DFB, wao wakiwa ngazi ya tatu, wakaifunga Bayern München 1-0. Bayern ya kocha Trapattoni, Oliver Kahn golini, Matthäus uwanjani, na msimu ule ule Bayern hiyo ilifika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa. Mfungaji ni Roland Stein, kwa kichwa, kipindi cha kwanza. Mechi ilihamishiwa Nürnberg kwa sababu uwanja wa kijiji usingeweza kubeba watu wale. Raundi ya tatu wakatolewa na Wolfsburg kwa penalti.

Hack akapiga hesabu ya kibiashara: kijiji hakina mahali pa kukuza mashabiki, na SpVgg Fürth, bingwa wa Ujerumani wa 1914, 1926 na 1929, ilikuwa jirani na haina fedha. Tarehe 1 Julai 1996 kitengo cha soka cha Vestenbergsgreuth kikahamia Fürth, jina likawa SpVgg Greuther Fürth. Mwaka 1997 wakapanda 2. Bundesliga, 2012 Bundesliga. Kijiji kikabaki na herufi chache ndani ya jina la mji mwingine, na wapo mashabiki wa Fürth ambao hadi leo hawalitamki hilo "Greuther".

Hii ya kuhamisha kitengo ni nyepesi kuliko kuunganisha vyama vizima. Kuunganisha kamili kunataka mkataba uliothibitishwa, taarifa kwa wanachama wa pande zote mbili na robo tatu ya kura kila upande. Kukosa kura nne tu kunatosha kuharibu mipango ya miaka miwili. Na mara nyingi vikao havivunjiki kwa sababu ya fedha. Vinavunjikia kwenye rangi ya jezi na nani atabaki na ukumbi wa klabu.

#9 KonaKick

Kombe la DFB ndilo mahali pekee klabu ndogo inapata jina kwa siku moja, kwa hiyo tuweke na hesabu yake. Raundi ya kwanza ina timu 64: 36 za madaraja mawili ya juu, nne za juu kutoka 3. Liga (daraja la tatu), na 24 zinazotoka kwenye makombe ya mikoa. Mashirikisho ya mikoa ni 21, na yale matatu yenye timu nyingi zaidi za wanaume hupata nafasi ya pili. Timu ya ridhaa huwa mwenyeji daima. Ina maana klabu ya ngazi ya tano inahitaji kushinda kombe la mkoa wake tu, mechi sita au saba, na inaweza kumleta Bayern nyumbani.

Waliovunja mwiko ni VfB Eppingen: 26 Oktoba 1974 waliifunga Hamburger SV 2-1, mabao yote mawili ya Gerd Störzer. Ilikuwa mara ya kwanza kwa timu ya ridhaa kuitoa ya Bundesliga katika kombe hilo. Agosti 1990 FV 09 Weinheim wakaifunga Bayern 1-0 kwa penalti ya Thomas Schwechheimer.

Ubaya ni kwamba klabu nyingi hutumia fedha za kombe kusajili. Fedha za kombe huja mara moja, mikataba hudumu miaka miwili.

#10 Pasi_ya_Kijani

Nichangie mambo ya kila siku ambayo historia haziandiki.

Usajili kwanza. Mchezaji wa ridhaa anayetaka kuhama lazima ajiondoe klabu yake kabla ya 30 Juni kuisha, na maombi mapya yafike kabla ya 31 Agosti. Zamani alijiondoa kwa kadi ya posta iliyosajiliwa, na tarehe ya muhuri wa posta ndiyo iliyohesabika. Kile kikaratasi cha posta kilikuwa mali: kikipotea na klabu ya zamani ikikana kupokea kadi, mchezaji alikaa nje. Siku hizi klabu mpya inafanya yote kwenye DFBnet, mfumo wa mtandaoni wa DFB. Klabu ya zamani ikikubali, anacheza mara moja. Ikikataa, klabu mpya inalipa fidia iliyopangwa kulingana na ngazi yake, ama mchezaji anasubiri miezi sita tangu mechi yake ya mwisho. Dirisha la Januari ni gumu zaidi, kwa sababu hapo kibali cha klabu ya zamani hakiwezi kununuliwa kwa kiwango kile, wasipotaka, hawataki.

Waamuzi. Kila klabu inatakiwa kutoa waamuzi kwa idadi ya timu zake. Ukipungukiwa unapigwa faini, na baadhi ya mikoa ukirudia inakata pointi. Kuna timu imeshuka daraja kwa sababu ya kukosa mwamuzi mmoja wa kujitolea Jumapili asubuhi. Dawa inayojulikana: tafuta wazazi wa timu za watoto, lipia kozi, wape viatu.

Vijana. Kijiji kikikosa watoto 11 wa umri mmoja, kinaungana na jirani kwa rika hilo tu, timu ya pamoja, kila klabu ikibaki na usajili wake. Inafanya kazi kwa watoto. Ikifika timu ya wakubwa, jueni klabu mbili ziko njiani kuwa moja.

#11 Bint_Mosel

Pasi, na uwanja je? Wengi hawajui kwamba hizi klabu zilichezea udongo mwekundu, siyo nyasi.

#12 Pasi_ya_Kijani

Kweli dada. Viwanja vya changarawe nyekundu vilijengwa kwa wingi baada ya vita kwa sababu vinabeba mechi nyingi kwa wiki, wakati nyasi za kawaida zinachoka mapema. Ujenzi wake: chini kokoto za kupitisha maji, katikati tabaka la kokoto ndogo au mawe ya volkano yanayoshika unyevu, juu sentimita chache za changarawe laini iliyosagwa. Kiangazi lazima umwagie maji kabla ya mechi, ama vumbi linafunika goli. Baada ya baridi kali lazima upitishe rola, kwa sababu barafu inaunyanyua udongo na kuacha mashimo. Usipopitisha, tabaka la juu linajichanganya na la chini, maji hayapiti tena, na uwanja unakuwa dimbwi hadi Aprili. Beki akiteleza kwenye changarawe ile anaacha ngozi ya paja pale.

Mwaka 1991 likazuka la Kieselrot. Ni mabaki mekundu ya kiwanda cha shaba cha Marsberg yaliyouzwa kwa bei ya chini na kutandazwa viwanjani. Yakapimwa, yakakutwa na dioksini nyingi mno. Viwanja vikafungwa kwa mamia, na manispaa zikabeba gharama ya kuondoa au kufunika. Ukisoma historia ya klabu ya magharibi mwa Ujerumani ukaona "1991 tulihamia uwanja wa jirani", mara nyingi sababu ni hii.

Siku hizi wanakwenda nyasi bandia. Zinadumu kama miaka 12 hadi 15, kisha tabaka la juu linabadilishwa, na hiyo ni laki kadhaa za euro. Chembe za mpira zilizokuwa zinajazwa kati ya nyasi zimepigwa marufuku kuuzwa Umoja wa Ulaya, muda wa mpito unaisha 2031, kwa hiyo wanaojenga sasa wanajaza mchanga au gome la mti wa koki. Koki ni nyepesi, mvua kubwa ikija inaelea na kukimbilia pembeni. Mtu anapita na brashi kuirudisha.

#13 Mwanakwerekwe1

Aisee. Mwisho kabisa: nikitaka kuichunguza klabu mwenyewe nikiwa huku, naanzia wapi?

#14 Mhazini_Mstaafu

Anza na daftari la vyama. Tangu Agosti 2022 kulisoma ni bure kwenye tovuti ya pamoja ya majimbo, handelsregister.de, bila kujiandikisha. Chagua aina ya daftari VR, ambalo ndilo la vyama, andika jina la kijiji, chagua mahakama kama unaijua. Utapata jina kamili, nani anaruhusiwa kusaini na tarehe za mabadiliko ya katiba. Jaribu pia jina la kijiji jirani, kwa sababu klabu iliyoungana hubaki kwenye namba ya ile iliyoipokea.

Tarehe ya usajili usiichukue kuwa ya kuanzishwa. Klabu nyingi ziliishi miongo bila kusajiliwa, zikasajiliwa siku zilipotaka kukodi kiwanja. Na kwa klabu za Pfalz, ukiona usajili wa kati ya 1946 na 1950, rudi ukasome tena #4 ya dada Bint_Mosel, kisha omba hifadhi ya manispaa wakutafutie faili la kibali cha Wafaransa. Majina ya viongozi walioruhusiwa yamo humo, na ukiyalinganisha na ya 1938 utajua ni nani aliyerudi.